Betri za tochi yako: zenye kinga au zisizo na kinga

Mkomani, Lamu

Kwa ndugu yangu Omari,

Assalam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku tu wazima wote, na Mama anakusalimu sana. Mfikishie Mzee shikamoo yangu.

Umeniuliza kuhusu betri za 18650, zile za lithiamu zenye unene wa milimita 18 na urefu wa 65, za tochi yako mpya ya kuvulia usiku. Mwenye duka amekuonyesha zenye kinga, yaani saketi ndogo ya kukata umeme, na zisizo na kinga, akakwambia ni mamoja, uchukue za bei nafuu. Si mamoja, Omari. Na jibu halimo kwenye betri, limo ndani ya tochi. Umesema yako inachukua betri mbili, moja nyuma ya nyingine. Basi hapo sina mjadala: nunua zenye kinga, na zote mbili za aina moja, mpya, za siku moja. Zitumie pamoja na uzichaji pamoja mpaka zizeeke.

Nikueleze kwa nini. Betri ya lithiamu ikijaa huwa na volti 4.2, na haitakiwi kushuka chini ya volti 2.5 hivi. Mbili zikipangwa mstari mmoja, hakuna siku zitakwisha sawasawa. Ile dhaifu humaliza mwanzo, lakini yenye nguvu inaendelea kusukuma umeme kupitia kwa mwenzake aliyekwisha. Ikisukumwa hivyo hugeuka, chanya ikawa hasi, ikapata moto na kutoa gesi ya sumu. Na tochi ya kuvulia imefungwa na mipira isiingie maji, kwa hiyo gesi haina pa kutokea. Mrija wa tochi unaweza kupasuka mkononi. Betri yenye kinga hujikata yenyewe kabla ya kufika huko, kila moja kivyake.

Juzi kijana mmoja wa mashua aliniletea tochi ya namna hiyo, analalamika haiwaki vizuri. Ndani nilikuta betri mbili zilizotolewa kwenye laptopu mbovu, hazina kinga, rangi mbalimbali. Nikaziweka kwenye mita: moja volti 3.9, ya pili 1.1. Alikuwa ataka kuichaji ile ya pili. Nilimkatalia. Betri iliyoshuka kiasi hicho shaba yake ya ndani huanza kuyeyuka, na ukiichaji inaweza kupiga shoti humo humo.

Dukani usitegemee maneno ya muuzaji, ishike mwenyewe. Kinga ni saketi ndogo ya mviringo iliyobandikwa kitakoni, upande wa hasi. Kutoka hapo ukanda mwembamba wa metali hupanda ubavuni hadi kichwani, chini ya ngozi ya plastiki. Pitisha kidole taratibu utausikia mwinuko wake. Kisha pima urefu: isiyo na kinga ni milimita 65, yenye kinga hufika 68 hadi 70. Ndiyo maana zipo tochi ambazo betri yenye kinga haiingii, au inaingia lakini kifuniko hakifungi sawasawa, na maji ya chumvi yanapata njia.

Tazama na maandishi. Betri ya ukubwa huo ikiwa nzuri hasa hubeba mAh (kipimo cha umeme unaobebwa) 3,500 au zaidi kidogo. Ukiona imeandikwa 9,900, irudishe. Hizo nyingi hata uzito hazina. Ya kweli ina gramu 45 hadi 50.

Zisizo na kinga zina mahali pake, sizitupi. Tochi ya betri moja yenye saketi yake ya kukata umeme betri ikipungua haihitaji kinga ya pili. Na zile tochi kali sana, zinazovuta ampea 15 au 20, mara nyingi kinga huzizima ukiwasha tu mwanga mkubwa, kwa hiyo hutaka betri isiyo na kinga iliyotengenezwa kwa kazi nzito. Lakini hiyo ni ya mtu mwenye mita na anayekumbuka kuangalia ile ngozi ya plastiki ya betri. Betri ikivuliwa ngozi, mwili mzima ni hasi mpaka mabegani. Chanya ni kile kitufe cha katikati tu, na kinachovitenga ni kijiduara cha karatasi na plastiki. Ngozi ikichanika pale begani, au ukiitia mfukoni pamoja na funguo, ni shoti na moto. Tochi ya Mzee itie yenye kinga, hata kama ni ya betri moja.

Kitu kimoja kinanitia wasiwasi juu yako. Kinga ikikata haikuonyi. Mwanga unakatika mara moja, giza totoro. Usiku wa bamvua, maji yametoka na wewe uko mbali juu ya mwamba unatafuta pweza na kamba, hilo ni jambo la hatari. Chukua betri mbili za akiba ndani ya kijisanduku cha plastiki, na tochi ndogo ya pili ivae shingoni. Ikikata, usiiwashe tena kwa nguvu. Ukifika nyumbani iweke kwenye chaja, nyingi huamka zenyewe.

Chaja iwe ya kuchaji kila betri kivyake na kujizima kwenye 4.2. Iweke sakafuni kwenye saruji, mbali na godoro na makuti, na usichaji ukiwa umelala.

Sasa nipimie ndani ya mrija kwa rula, kutoka springi ya nyuma hadi mguso wa mbele, uniandikie ni milimita ngapi. Nikipata vipimo nitakutafutia huku zinazoingia nikupelekee kwa mtu anayekuja Malindi. Mpaka hapo usiingie mwambani na hizo za bei nafuu, tafadhali.

Wasalaam,
Nduguyo Shee