Malalamiko kuhusu mashine za karakana ya pamoja zilizotangazwa kuwa tayari kwa kazi

Kwa Meneja Mkuu,
Kampuni inayoendesha karakana ya pamoja ya mafundi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: UBOVU WA MASHINE NA OMBI LA KUREJESHEWA ADA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi seremala, nafanyia kazi Keko, na hii ni wiki ya tano tangu nijiunge na karakana yenu. Nililipa shilingi 240,000 kwa mkupuo, ikiwa ni ada ya miezi mitatu, kwa sababu tangazo lenu lilieleza kwamba karakana ina mashine ya kunyoosha uso wa mbao, mashine ya randa ya unene, msumeno wa duara wa mezani, msumeno wa mkanda, mashine ya kukereza na mtambo wa kunyonya vumbi, na kwamba zote ziko tayari kwa kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Leo ninapoandika barua hii, ni msumeno wa mkanda peke yake ambao naweza kusema unafanya kazi kama ilivyotangazwa.

Naomba mfahamu kwanza namna nilivyofika kwenu, kwa sababu hapo ndipo uzito wa malalamiko yangu ulipo. Nimetafuta mahali pa kutumia mashine nzito kwa takriban miaka miwili. Banda langu ni la kupanga na lina umeme wa njia moja, wa volti 230, wakati mashine kubwa za randa huendeshwa na mota za njia tatu zinazohitaji volti 400. Mwenye banda hakukubali umeme huo uvutwe, na hata angekubali, bei ya mashine yenyewe iko juu ya uwezo wangu. Nilikwenda VETA Chang'ombe nikaelezwa kwa upole kwamba mashine zile ni za kufundishia wanafunzi, jambo ambalo ni haki yao. SIDO, ambayo imekuwa ikihudumia wenye viwanda vidogo tangu mwaka 1973, ina maeneo yake ya viwanda, lakini hayo yanamfaa zaidi mtu mwenye mashine zake anayetafuta pa kuziweka. Hapa Keko wapo wenye mashine wanaopiga randa kwa malipo ya kila ubao, nami nimewatumia kwa miaka mingi na ninawashukuru, ila ukipeleka mbao kwao hushiki mashine mwenyewe, hupangi kipimo kwa mkono wako, na siku ya foleni unaweza kushinda pale hadi jioni. Kwa hiyo mahali ambapo fundi analipa ada, anaingia na mbao zake, anapanga kipimo chake na anasimamia kazi yake tangu mwanzo hadi mwisho, ni jambo ambalo wengi wetu tumelihitaji kwa muda mrefu. Niliposoma tangazo lenu nilifurahi kwelikweli.

Katika wiki yangu ya pili nilileta mbao nane za mninga, za inchi mbili kwa nane, za meza ya kulia chakula ambayo mteja aliihitaji kabla ya Idi. Nilitaka unene wa milimita 40. Ubao wa kwanza ulipotoka upande wa pili wa mashine ya randa ulikuwa na mstari mwembamba uliosimama juu ya uso wake kama uzi, kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho, na kila ubao uliofuata ulitoka na mstari uleule mahali palepale. Kila fundi anajua maana yake: kisu kimepata pengo. Nilizima mashine na kumwita kijana wenu wa zamu, tukafungua kifuniko, nikamwonyesha pengo lenyewe, ambalo lilikuwa na ukubwa wa punje ya mchele. Akanijibu kwamba linajulikana, kwamba liko hivyo tangu mwezi uliopita, na kwamba visu vya akiba havipo.

Mstari ningeweza kuuondoa kwa msasa. Kilichoniumiza zaidi nilikigundua baadaye, nilipopanga mbao zile bega kwa bega ili nizipake gundi, nikaona zinapandana kama ngazi. Nilipozipima, kila ubao ulikuwa na milimita 41 ukingo wa kushoto na milimita 38 ukingo wa kulia, maana yake meza ya mashine imelala upande mmoja na hailingani na visu. Hitilafu ya namna hiyo haitokei siku moja, na mtu yeyote anayeitunza mashine angeiona kwa kupitisha ubao mmoja na kuupima kingo zote mbili. Nilizirudia mbao zote nane kwa randa ya mkono, siku nne, na mninga si mti wa mchezo kwa randa ya mkono. Zikabaki na unene wa milimita 35. Mteja alikuwa amekwisha kuonyeshwa mfano wa milimita 40, akaliona pungufu hilo mara tu alipoishika meza kwenye ukingo, na nikalazimika kumpunguzia shilingi 150,000. Alikuwa na haki.

Jambo la pili ni la hatari, na ninawaomba mlisome kwa makini hata kama mengine yote mtayaweka kando. Wiki iliyopita mota ya msumeno wa duara ilivuma bila kuzunguka. Ishara hiyo ni ya njia moja kati ya tatu za umeme kukatika, na mota ikiachwa katika hali hiyo hupata moto na kuungua. Badala ya kukata umeme na kumwita fundi umeme, kijana wa zamu alimwambia mwanachama mmoja, mtoto wa umri kama wa mwanangu, maneno haya: "Vuta mkanda kwa mkono, itashika yenyewe." Mwanachama yule alivuta, mota ikashika, na vidole vyake vilikuwa umbali wa shubiri moja tu kutoka kwenye puli wakati mkanda unaanza kukimbia. Nilipaza sauti hadi watu wote wakasimamisha kazi. Simlaumu kijana wenu wa zamu peke yake, kwa kuwa ni wazi hakuna aliyemfundisha, na mshahara anaolipwa si wa fundi mitambo. Wa kulaumiwa ni aliyemkabidhi mashine ya uzito ule bila mafunzo.

Msumeno huohuo hauna ule ubapa wa chuma unaokaa nyuma ya jino ili mbao isibane na kurushwa nyuma kwa anayeisukuma, na kinga yake ya juu imefungwa kando kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili isizuie kazi. Kitufe chekundu cha kuzimia wakati wa dharura kipo, lakini nilipokibonyeza mashine iliendelea kuzunguka. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haikutungwa kwa ajili ya viwanda vikubwa pekee, na karakana inayopokea watu kwa ada haiwezi kusema kwamba kila mwanachama ajilinde mwenyewe.

Mtambo wa kunyonya vumbi sijawahi kuuona ukiwashwa, na bomba lake limejaa maranda yaliyoshikana. Naomba jambo hili lisichukuliwe kuwa la usafi tu. Tangu mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na sisi tunalivuta kutwa nzima tukiwa tumefunga leso puani. Mashine ya kukereza haina mkanda. Kuhusu daftari la zamu, mara mbili nimekuta saa zangu zimeandikiwa mtu mwingine, ila hilo ni dogo na linarekebishika kwa siku moja.

Ndugu Meneja, fundi asiye na mashine humwahidi mteja wake kwa kutegemea neno la mwenye mashine. Mnapotangaza kwamba mashine iko tayari, mimi huchukua neno hilo na kumpa mteja pamoja na tarehe na bei, na likianguka, jina linaloharibika ni langu, wala si la kampuni yenu, kwa sababu mteja hamjui mwenye karakana. Wanachama wenzangu wawili wamekwisha kurudi kwenye randa ya mkono na wanawaambia wengine kwamba karakana za pamoja ni kupoteza fedha. Inanisikitisha, maana ninaamini bado kwamba mpango huu, ukiendeshwa vizuri, ungewainua mafundi wengi wa hapa mjini.

Kwa hiyo ninaomba nirejeshewe ada ya muda uliobaki pamoja na shilingi 150,000 nilizopoteza kwa mteja, ambazo nina risiti na picha za mbao kuzithibitisha. Ninaomba pia msumeno wa duara ufungwe leo, usitumike tena hadi ubapa, kinga na kitufe cha dharura virudishwe na kupimwa na mtu mwenye ujuzi, na tangazo lenu lisahihishwe ili kila asubuhi lionyeshe mashine ipi inafanya kazi na ipi haifanyi, kwa sababu mtu anayebeba mbao kwenye guta kutoka Buguruni au Mbagala ana haki ya kujua kabla hajatoka nyumbani. Ningependa kupata majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata, nitalifikisha suala la tangazo kwa Tume ya Ushindani (FCC) na suala la msumeno kwa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi.

Iwapo mtanunua visu vipya vya randa, niko tayari kuja Jumamosi yoyote bila malipo kusaidia kuvifunga na kuisawazisha meza ya mashine hadi kingo zote mbili zitoe kipimo kimoja.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi seremala, Keko
Mwanachama wa karakana, zamu ya asubuhi