Wanaomeza dawa za tezi ya shingo waonywe kuhusu homa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie dawa za kutuliza tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, hasa kabimazoli. Zinasaidia mno: moyo unaokwenda mbio hutulia, mikono huacha kutetemeka, aliyekonda hurudisha mwili. Tangu Edwin Astwood wa Marekani aliporipoti matibabu ya aina hii mwaka 1943, watafiti wamefuatilia pia madhara yake, na moja linanihangaisha nikiwa huku Masasi.

Kwa wagonjwa wachache, pungufu ya 1 kati ya 100, dawa hizi huangusha ghafla chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu. Mara nyingi hutokea ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Dalili zake ni homa na koo kuuma. Sasa, homa Mtwara hii nani asiyeijua? Mtu atasema ni malaria, atapita duka la dawa, atameza mseto, na kabimazoli ataendelea nayo. Hapo ndipo penye hatari. Anatakiwa asimamishe vidonge na awahi hospitali siku hiyohiyo apimwe damu.

Ndugu yangu alipewa vidonge hivyo bila kuambiwa neno. Je, ni kazi kubwa kuandika onyo la mistari miwili, kwa Kiswahili, juu ya bahasha ya dawa? Na wanaotarajia kushika mimba wamwambie daktari mapema, maana kabimazoli katika miezi 3 ya mwanzo inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Msomaji wenu,
Masasi, Mtwara