Usiyafute mabawa, yageuze rejeta

Kwako Rehema,

Habari za siku nyingi? Michoro yako minne ya chombo cha kwenda Zohali, ile sayari yenye pete, uliyoichora kwa ajili ya hadithi yako imenifikia salama. Mkono wako sina neno nao. Neno langu liko kwenye yale mabawa.

Bawa bila hewa halina kazi. Kwa maelezo uliyoandika pembeni, chombo chako kinaungwa kikiwa kwenye mzingo (njia ya kuzunguka sayari) na hakitui kwenye sayari yoyote, basi hapo bawa ni mzigo wa kula mafuta tu. Kitazame kile kilichowashusha Armstrong na Aldrin Mwezini mwaka 1969: pembepembe kila upande, miguu minne kama buibui aliyekatwa nusu ya miguu, na kuta za chumba chao, mahali pengine, unene wake ulikuwa takriban milimita 0.3. Hakikuchongolewa kwa sababu hakikuwa na upepo wa kupasua.

Lakini usiyafute bado, maana chombo chako hakina rejeta, yaani mabamba ya kutupia joto nje, hata moja.

Wengi hudhani kwa kuwa angani ni baridi, chombo kitapoa chenyewe. Chupa ya chai inawasuta: hukaa na moto kutwa nzima kwa sababu kati ya kuta zake mbili hewa imenyonywa. Chombo chako kimezungukwa na ombwe hilohilo, hivyo joto haliondoki ila kwa mnururisho, yaani kutoka kama miale isiyohitaji hewa. Nawe umekipa kinu cha nyuklia cha umeme wa megawati 1. Kinu kilikuwa chaguo sahihi, kwani Zohali mwanga wa Jua ni kama sehemu moja ya 90 ya ule unaoifikia Dunia. Ila tuseme robo ya joto la kinu inageuka umeme. Basi megawati 3 zilizobaki lazima zitupwe nje, usiku na mchana.

Sasa piga hesabu. Bamba lililopakwa rangi nzuri, lenye nyuzi 27 za Selsiasi na linalotoa joto pande zote mbili, hutupa kama wati 830 kwa kila mita ya mraba. Megawati 3 zitataka mita za mraba 3,600, yaani nusu ya uwanja wa mpira. Lakini mnururisho una ukarimu wake: halijoto ikipanda maradufu kwa kipimo cha kelvini (kinachoanza kuhesabu kwenye nyuzi 273 chini ya sifuri), joto linalotoka huwa mara 16. Bamba likiwa na nyuzi 327, mita za mraba 230 zinatosha. Usiendelee kupandisha tu, kwa sababu kadiri upande wa kutupia joto unavyokuwa moto, ndivyo kinu kinavyotoa umeme kidogo. Wala usizipake rejeta hizo wekundu. Chuma hakianzi kung'aa machoni kabla ya nyuzi 525 hivi.

Chumba cha watu kipe rejeta zake, ndogo, nyeupe na baridi. Kituo cha Kimataifa cha Anga hufanya hivyo: ndani huzungusha maji, nje amonia. Amonia haigandi mpaka nyuzi 77 chini ya sifuri, lakini ni sumu, ndiyo maana haiingizwi ndani. Na mabomba huvuja. Mei 2013 amonia ilionekana ikitoka kama theluji, wanaanga wawili wakatoka nje kubadilisha kisanduku cha pampu. Kama hadithi yako inataka balaa, hilo linatosha; huhitaji vimondo.

Umbo lake sasa. Kinu kikae mkiani, mbali na watu, na ngao ya kuzuia miale ya nyuklia iwekwe upande mmoja tu, ule unaowaelekea, kwani ngao ya kuzunguka pande zote ni tani nyingi mno. Ngao hiyo hutoa kivuli cha umbo la pia, chembamba karibu na kinu na kipana kwa mbele. Rejeta zisitokeze nje ya kivuli, la sivyo zitarudisha nyutroni, chembe hatari zinazoruka kutoka kwenye kinu, kwa watu. Kwa hiyo chora pembetatu ndefu zinazopanuka kuelekea mbele, na kingo zake zielekee Jua. Zisitazamane, maana zitapashana moto. Utaona zinafanana na mabawa! Chombo cha filamu ya *2001: A Space Odyssey* kilikuwa kimepangiwa rejeta, zikaondolewa kwa hofu kwamba watazamaji wangeuliza mabawa ya nini. Wewe ziache waulize.

Gurudumu la kuzunguka umelipa nusu kipenyo cha mita 12. Ili mtu awe na uzito wa duniani humo, litazunguka zaidi ya mara 8 kwa dakika, na kichwa kitakuwa chepesi kuliko miguu kwa asilimia 15 hivi. Mtu akigeuza shingo anaweza kutapika. Kwa mizunguko 4 kwa dakika unahitaji nusu kipenyo cha mita 56. Kwa 2, mita 224. Mimi ningeridhika na uzito wa Mirihi: mizunguko 4, mita 21, vyumba viwili kwenye ncha za boriti, chombo kizima kikizunguka. Beringi kubwa yenye kupitisha watu na hewa ni mahali pa kuvujia tu.

Mafuta hukuyapa nafasi kabisa. Tani 100 za haidrojeni ya majimaji zinataka tangi la umbo la mpira lenye kipenyo cha mita 14. Chora kadhaa.

Mchoro wa nne, watu wamesimama juu ya Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, wakitazama pete. Mchoraji wa anga Chesley Bonestell alichora mandhari ya namna hiyo mwaka 1944, na hakuwa na kosa kwa yaliyojulikana wakati ule. Lakini Voyager 1, chombo kisicho na watu, ilipopita mwaka 1980 iliona ukungu wa rangi ya chungwa tu, na chombo kingine cha namna hiyo, Huygens, ilipotua huko Januari 2005 ilipiga picha za mawe ya barafu chini ya anga hilohilo la chungwa. Ukiwahamishia kwenye miezi mingine ya Zohali kama Rhea au Tethys, pete zitaonekana kama uzi, kwa kuwa miezi hiyo huzunguka karibu katika usawa uleule wa pete zenyewe. Wapeleke Iapetus, mwezi ambao mzingo wake umeinama kama nyuzi 15 kutoka usawa huo. Huko Zohali itatosha kufunikwa na kidole gumba cha mkono ulionyooshwa, pete zikitokeza pande zote mbili.

Mchoro wa tatu uache ulivyo.

Rafiki yako,
Idi