Mass Effect: gemu linalokumbuka uliyoyafanya, mpaka pale linapoyasahau

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Magazeti yetu yakiandika habari za magemu huandika mambo mawili tu: mpira, au malalamiko kwamba watoto wanaharibika kwa kupiga risasi. Gemu la hadithi halitajwi, ilhali ndilo lenye mengi ya kusemwa, mazuri na mabaya. Nimechagua Mass Effect kwa sababu watu wamelisifu miaka mingi bila kusema hasa wanasifu nini, na wamelilaumu kwa dakika zake kumi za mwisho kana kwamba saa zote zilizotangulia hazikuwa na kasoro.

Kwa asiyelijua: ni gemu la kubuni la kisayansi, la kuigiza mhusika, lililotengenezwa na BioWare, kampuni ya Edmonton, Kanada. Sehemu ya kwanza ilitoka Novemba 2007, ya pili Januari 2010, ya tatu Machi 2012. Mei 2021 zote tatu zilisafishwa picha na kuuzwa pamoja kwa jina la Legendary Edition. Wewe ni Kamanda Shepard, mwanamume au mwanamke upendavyo. Una meli iitwayo Normandy, una kikosi chako, na kuna mashine kubwa za kale, Reapers, zinazokuja kuvuna kila kiumbe chenye akili. Habari za mashine kuangamiza viumbe si mpya. Jipya ni kwamba faili lako la kusevu linavuka kutoka sehemu ya kwanza hadi ya tatu, na maamuzi yako yanavuka nalo.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Kuna jamii ya wapiganaji waitwao Krogan, ambao waliambukizwa kwa makusudi ugonjwa uliotengenezwa maabara, kiasi kwamba katika mimba elfu moja inatoka salama moja. Katika sayari ya Virmire, sehemu ya kwanza, mwenzako Wrex, ambaye ni Krogan, anagundua kwamba maabara mnayokwenda kuilipua ina tiba. Amesimama ufukweni, bunduki mkononi, maji yanamlamba miguu. Kama umewekeza pointi za kutosha katika ujuzi wa kushawishi au wa kutisha, utamtuliza. Kama ulikwishamtafutia deraya ya ukoo wake, kazi inakuwa nyepesi. Ukikosa vyote, atauawa pale pale mchangani.

Katika sehemu ya pili, daktari Mordin, mmoja wa waliouboresha ugonjwa huo usizoeleke miilini, anakutana na mwanafunzi wake aliyekuwa akitafuta tiba kwa kuua watu. Unaamua: utafiti ule uteketezwe au utunzwe. Kisha inakuja sehemu ya tatu, siku ya kusambaza tiba. Ikiwa Wrex yu hai na utafiti ulitunzwa, Mordin anapanda mnara kusambaza tiba, na ukimwacha apande hatarudi. Njia pekee ya kumshawishi ashuke na kuishi ni pale ambapo Wrex alikufa, Krogan wanaongozwa na ndugu yake mkorofi, na utafiti uliuteketeza, hata mwanamke Krogan aliyekuwa tumaini la jamii yake akafa. Yaani daktari huyu mpole anapona tu kwa mchezaji aliyeharibu mambo mawili, moja katika gemu la 2007 na jingine katika gemu la 2010. Hakuna mahali gemu linakuambia hesabu hii. Inajipanga kimyakimya, na siku yake ikifika unaona ni haki kabisa.

Uandishi mzuri haupo kwenye mambo makubwa peke yake. Katika sehemu ya pili, ukiingia kituo cha Citadel, ukisimama badala ya kupita, utamsikia sajenti akiwakaripia askari wapya wawili kuhusu kipande cha chuma cha kilo 20 kinachorushwa na mzinga wa manowari kwa asilimia 1.3 ya mwendo wa mwanga. Anawaambia kina nguvu ya kilotani 38, na kwamba usipolenga vizuri, chuma hicho hakisimami. Kitampiga mtu fulani, mahali fulani, hata baada ya miaka elfu kumi. Piga hesabu mwenyewe, nusu ya uzito mara mwendo kwa kipeo cha pili: inatoka karibu vile vile. Waandishi walifanya hesabu ya fizikia kwa ajili ya mzaha wa kupita njiani. (Na kwa faida ya wasomaji wa huku kwetu: manowari kubwa za binadamu katika gemu hili zimepewa majina ya milima, na Kilimanjaro imo.)

Sasa kasoro, na nianze na ile inayotajwa kidogo ingawa ndiyo mbaya zaidi. Kila jibu lako linapimwa kwa mizani miwili: Paragon, upande wa upole, na Renegade, upande wa ubabe. Katika sehemu ya kwanza ulinunua uwezo wa kushawishi kwa pointi za ujuzi, kama ulivyonunua ulengaji wa bunduki. Sehemu ya pili iliubadilisha mfumo huo ukawa wa asilimia: gemu linaangalia pointi ngapi za upole, au za ubabe, umechukua kati ya zote ulizoweza kuchukua mahali ulipokwisha kupita. Matokeo yake, mchezaji anayetafakari kila jambo kivyake, leo mpole, kesho mkali kwa sababu hali inadai ukali, anaadhibiwa. Wanapogombana wenzako Miranda na Jack, au Tali na Legion, majibu ya kuwapatanisha yanaonekana kwenye skrini yamefifia, hayabonyezeki, na unalazimika kupoteza uaminifu wa mmoja. Gemu linalojigamba kwamba linakupa uamuzi linakufundisha kuacha kuamua.

Gurudumu la majibu linazidisha ugonjwa huo. Jibu la juu kulia ni la upole, la chini kulia ni la ubabe, kushoto katikati ni maswali zaidi. Baada ya saa tatu mchezaji haangalii tena maneno, anaangalia mahali. Anayeangalia maneno naye anaweza kuponzwa, maana kwenye gurudumu kumeandikwa muhtasari wa maneno matatu manne, na Shepard anaposema, anasema kingine, mara nyingine kwa ukali usioutarajia. Kwetu tunaocheza kwa Kiingereza cha shule tatizo ni kubwa zaidi, kwani maandishi ya Kiswahili hayamo. Dawa ni ndogo: washa maandishi ya chini ya skrini tangu mwanzo, chagua upande mmoja na uushikilie katika sehemu ya pili, ingiza faili la sehemu ya kwanza ili uanze na akiba ya pointi, na pandisha mapema ujuzi wa kudumu wa aina yako ya mpiganaji, kwa kuwa huongeza nguvu ya kushawishi.

Misheni ya mwisho ya sehemu ya pili ndiyo kazi bora ya BioWare, na pia ndiyo inayoficha hesabu kupita kiasi. Kila mwenzako anaweza kufa, hata wewe. Kabla ya kuondoka meli inahitaji vitu vitatu: deraya nzito anayoipendekeza Jacob, ngao anazozipendekeza Tali na mzinga wa Garrus. Kila kimoja kikikosekana, mtu mmoja anakufa hata kabla hamjatua. Madini ya kuvitengeneza yanapatikana kwa kupepeta sayari moja moja, ukiburuza duara polepole na kusikiliza mlio. Kazi ya kuchosha kuliko kupalilia, lakini haikwepeki. Kisha unagawa kazi. Wa kupita kwenye mabomba awe Tali, Legion au Kasumi. Wa kuinua kinga dhidi ya wadudu kwa nguvu za mwilini (biotic) awe Jack au Samara. Miranda atakuambia kinadharia yeyote mwenye nguvu hizo anaweza, usimsikilize. Wa kuongoza kundi la pili awe Garrus, Miranda au Jacob. Na wote uliowapa kazi wawe wamekwishafanyiwa misheni zao za uaminifu, yaani kazi binafsi ya kila mmoja.

Hapo wengi hudhani wamemaliza. Bado. Wale unaowaacha nyuma kulinda mlango wanapewa alama kwa siri: Garrus, Grunt na Zaeed 4 kila mmoja, Miranda, Jacob, Samara, Thane na Legion 2, Jack, Tali, Mordin na Kasumi 1. Asiye mwaminifu anapunguzwa 1. Wakiwa watano au zaidi, wastani ukifika 2 hafi mtu. Tuseme kikosi chako ni kamili, watu 12, wote waaminifu. Ukiwachukua Garrus na Grunt kwenda nao kwa adui mkuu kwa sababu ni hodari, na Zaeed ukamtuma kuwasindikiza mabaharia mliowaokoa, walinzi tisa waliobaki wana jumla ya 14. Wastani ni 1.56. Atakufa mmoja, na wa kwanza kwenye foleni ni Mordin, daktari yule yule. Geuza: Mordin asindikize, Tali na Jack uende nao, waliobaki wana 23, wastani 2.56, wote wanarudi nyumbani. Wanaokufa hapa ni wale unaowapenda, na wanakufa kwa sababu uliwabeba wenye nguvu badala ya kuwaacha mlangoni. Kama fumbo linapendeza. Ila dokezo moja la maana ndani ya mazungumzo lisingemdhuru mtu.

Kuna mtego mwingine hapo. Baada ya kumwasha Legion, ambaye ni roboti, misheni chache zikipita mabaharia wa Normandy wanatekwa. Ukiwafuata papo hapo, wote wanapona. Ukifanya misheni moja hadi tatu kwanza, nusu wanayeyushwa. Ukizidisha, anabaki daktari wa meli peke yake. Kwa hiyo maliza kazi za wenzako wengine wote kabla ya kwenda kuchukua kifaa cha kupitia Omega 4, lango la kuelekea kwa adui, kwani huko ndiko unakompata Legion.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sehemu ya tatu ina maji. Malkia wa Rachni, jamii ya viumbe kama wadudu, uliyemwacha hai au kumuua katika sehemu ya kwanza baada ya kukuna kichwa dakika nzima, anarudi kama pointi 100 kwenye orodha ya nguvu za vita. Ukiwa ulimuua, misheni ni ile ile, yupo mwingine aliyetengenezwa na Reapers. Ulimpendekeza Anderson, mkubwa wako wa zamani, awe mjumbe wa Baraza linalotawala galaksi? Utamkuta balozi Udina kwenye kiti. Gemu lililobeba kumbukumbu kwa miaka mitano linaanza kuzitupa mlangoni. Ndiyo maana hasira ya wachezaji mwaka 2012 ilikuwa kubwa: mwisho ulikuwa milango mitatu ile ile kwa kila mtu, hata picha zake zilifanana. Juni mwaka huo BioWare walitoa bure nyongeza iliyoeleza nani alipona na nini kilifuata, wakaongeza na mlango wa nne wa kukataa yote. Ilisaidia maelezo, kwenye maamuzi haikusaidia. Tena wakati ule asiyecheza na wenzake mtandaoni alikatwa nguvu zake kwa nusu, dhuluma ambayo toleo la 2021 limeiondoa pamoja na uchezaji wenyewe wa mtandaoni.

Toleo hilo la 2021 ndilo la kununua, na lingojeeni lipunguzwe bei, hupunguzwa mara kwa mara. Sehemu ya kwanza imefaidika zaidi: gari la Mako halirukiruki tena kama ndama, na lifti zilizokuwa zikificha muda wa kupakia sasa zinaharakishwa kwa kitufe. Yaliyobaki ni majengo ya misheni za pembeni yanayofanana kama mapacha, na mkoba wenye mwisho wa vitu 150. Uza au yeyusha silaha za zamani kila unaporudi melini. Nyongeza moja tu ndogo, Pinnacle Station, haimo, kwa kuwa mafaili yake ya asili yaliharibika.

Kwenye kompyuta linataka GB 120 za diski, RAM ya GB 8 na kadi ya picha yenye GB 2. GB 120 si mzigo wa bando la wiki. Kama rafiki amelinunua pia, nakili folda lake kwenye diski ya nje, weka mahali pake, kisha Steam, programu ya kununulia magemu, iachiwe ikague mafaili na kupakua yaliyopungua tu. Intaneti bado itahitajika unapolifungua mara ya kwanza, kwa ajili ya akaunti ya EA, kampuni inayoliuza.

Usiruke sehemu ya kwanza ukaanzia ya pili bila kuingiza faili, kwani hadithi unayopewa kwa chaguo-msingi ni ya kikatili: Wrex keshakufa, malkia wa Rachni keshakufa, Baraza limeangamia. Kama muda huna, kubali ile katuni fupi ya Genesis mwanzoni mwa sehemu ya pili, inakuuliza maamuzi makuu na kuyaandika. Na katika sehemu ya tatu, kipande kiitwacho Citadel, chenye karamu ya kikosi kizima, kichezwe kabla ya kushambulia makao ya Cerberus, kundi la adui. Ukishaingia kule hakuna kurudi nyuma, na karamu itakuwa imekupita.

Ni mimi,
Mpenzi wa magemu ya hadithi,
Tanga