Barua ya wazi kwa walimu wa watoto wa shule ya Jumapili, Kasese, Uganda

Wapendwa walimu,

Nawasalimu kwa jina la Bwana. Baadhi yenu mmeniomba neno kuhusu vipindi vya nje mlivyoanza kuwapa watoto wadogo ili wamjue Mungu kwa kuangalia viumbe vyake, na kwa kuwa jambo hili linawagusa pia wazazi, nimeona afadhali niliandike hadharani.

Kuwatoa watoto nje mmefanya vema. Kinachonitia wasiwasi ni haraka. Mtoto hajamwangalia kinyonga hata kidogo, mwalimu amekwisha kuuliza ni nani aliyemuumba, darasa zima limeitikia "Mungu!", na wote wanarudi ndani. Jibu ni la kweli, lakini mtoto amepewa kabla hajawa na swali. Bwana wetu, katika Mathayo sura ya 6, aliwaambia watu wawaangalie kwanza ndege wa angani, ndipo akamtaja Baba anayewalisha. Fuateni utaratibu huo huo.

Chukueni huyo kinyonga, ambaye watoto wengi hufundishwa kumwogopa na hata kumpiga mawe. Waacheni wakae naye mpaka wagundue wenyewe kwamba jicho moja linatazama mbele huku la pili likitazama nyuma, na kwamba vidole vyake vimegawanyika makundi mawili ili kulishika tawi. Au wapelekeni penye mti wenye viota vya minana, wale ndege wafumaji. Dume hufuma kiota kwa majani mabichi, jike huja kukikagua, na likikikataa, mara nyingi dume hukifumua na kuanza upya. Watoto watacheka sana, nanyi msiwanyamazishe, kwa maana kicheko hicho nacho ni sifa kwa Muumba.

Chumvi ya Ziwa Katwe ni somo ambalo nashangaa hamjalitumia, ingawa wengi wa watoto hawa wana ndugu wanaoichimba. Maji ya chemchemi huingia katika lile ziwa yakiwa yamebeba madini, hayana mto wa kuyatoa, jua huyakausha, na chumvi hubaki. Mwekeeni kila mtoto maji ya chumvi katika kisahani, mkiweke juani, arudi kukitazama baadaye na kuonja kilichobaki. Akishajionea hivyo, mwambieni kwamba Yesu aliwaita wanafunzi wake chumvi ya dunia. Hamtahitaji kueleza mengi.

Sasa nije kwenye jambo lililo zito zaidi. Wapo miongoni mwenu wanaofundisha uzuri peke yake, maua na vipepeo, kana kwamba watoto wa mji huu hawajasikia habari za Nyamwamba. Mto huo ulishuka kutoka milima ya Rwenzori na mawe makubwa mwezi Mei 2013, na tena Mei 2020, ukabomoa nyumba za watu na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Mtoto atauliza kama Mungu ndiye aliyeutuma. Nawasihi, msimwambie kwamba ilikuwa adhabu ya dhambi za waliopatwa. Katika Luka sura ya 13, Yesu alitajiwa maafa, naye akakumbusha habari za watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao wote wa Yerusalemu. Kama Yeye alikataa hesabu hiyo, mwalimu wa shule ya Jumapili anaipata wapi?

Mwelezeni mtoto kile anachoweza kukielewa: kwamba mvua ilikuwa kubwa huko milimani, kwamba mteremko ni mkali na maji yenye kasi husukuma hata mawe, na kwamba nyumba zilizo karibu na kingo huwa hatarini. Mwambieni pia kwamba Mungu anawapenda waliopoteza nyumba zao, kisha mwombeeni pamoja naye mtu mmoja anayemfahamu. Swali likizidi uwezo wenu, semeni kwamba hamjui. Mtoto haondoki kanisani kwa kusikia hivyo, bali huondoka akiwa mkubwa, atakapogundua kuwa alidanganywa. (Na wale wanaotumia radi kuwatisha watoto ili watulie, tafadhali acheni. Mtamfanya Mungu awe wa kuogopwa kila msimu wa mvua.)

Mengine ni ya utaratibu tu. Tokeni mapema kabla ya jua kali, na kundi liwe dogo kiasi cha mtu mzima kuweza kuwaona wote. Viota visiguswe. Msiwapeleke watoto kwenye ukingo wa mto wakati wa mvua, hata kama hapo mlipo anga ni jeupe, kwa sababu maji hujaa kutokana na mvua iliyonyesha juu mlimani. Wazazi nao waarifiwe mapema wawavalishe watoto nguo za kuchezea siku hiyo, maana malalamiko niliyoyasikia mpaka sasa yanahusu matope, wala hayahusu mafundisho.

Ni mimi mzee wenu katika Kristo.