Usimwache Salimu Akukanyage Mgongo

Ngamiani, Tanga
14 Januari

Zuhura shoga yangu,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Barua yako nimeipata jana pamoja na yale mapeasi, nayo yamefika salama. Huku joto limetushika vibaya, nawaonea wivu nyinyi mnaojifunika blanketi huko Lushoto.

Nimeshtuka kusoma kwamba kila usiku unalala kifudifudi Salimu apande akukanyage mgongo. Najua tumelelewa hivyo, hata mimi nilimkanyaga sana bibi. Lakini Salimu sasa ana miaka 9, ni mzito, na mtoto hachagui pa kuweka unyayo. Akitua juu ya uti wa mgongo au juu ya figo atakuumiza. Nakuomba uache.

Hayo unayoyaeleza, ya shingo na mabega kukuuma kwa sababu ya kushona, yamenikuta Desemba, msimu wa sare za shule. Nilikuwa nakaa kwenye cherehani tangu alfajiri mpaka usiku. Siku moja mteja akaniita mlangoni, shingo ikakataa kugeuka, ikabidi nizunguke mwili mzima. Kichwa nacho kikawa kinagonga upande wa kulia, penye panja, siku nne mfululizo. Nikapima malaria, hamna. Mwishowe nikaenda kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo. Wala hakukigusa kichwa! Alishika ile nyama inayoshuka kutoka shingoni kuja begani, akaibana kwa vidole viwili kama anayekata tonge, na maumivu yakachomoza palepale penye panja. Nilitoa machozi, Zuhura, kwa sababu siku zote nne nilikuwa nasugua mahali pasipohusika.

Alinieleza kwamba tukishona huwa tunainamisha kichwa mbele na kupandisha mabega bila kujijua. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kama kilo 5, na msuli unaokishikilia haupati nafasi ya kupumzika. Sehemu yake hujikaza ikasahau kuachia. Ukipapasa utakikuta kifundo kama harage chini ya ngozi.

Sasa fanya hivi. Kwanza kanda bega kwa taulo la maji ya moto, kama robo saa. Kisha tia mpira wa tenisi ndani ya soksi ndefu, simama na kuupa ukuta mgongo, mpira ukae kwenye nyama iliyo kati ya uti wa mgongo na bapa la bega. Ncha ya soksi ipitishe juu ya bega uishike, usije ukakudondoka. Kunja magoti taratibu, mpira utembee, mpaka ufike pale unaposema "hapo hapo". Ukifika, tulia. Usisugue. Egemea, pumua, hesabu polepole mpaka 30 au 60, utaona maumivu yanapungua yenyewe. Yawe maumivu unayoweza kuongea nayo. Ukijikuta umeuma meno, umezidisha. Dakika 5 kwa bega moja zinatosha, halafu geuza shingo pole pole huku na huku.

Wiki ya kwanza mimi nilitumia mpini wa mwiko na nguvu zote, nikidhani kadiri ninavyokaza ndivyo kitakavyopasuka. Damu ikavilia chini ya ngozi, na bega likauma siku tatu zaidi. Kifundo si jipu, hakipasuki. Kinalegea.

Mkono wa mkasi ulaze mezani, paka mafuta ya nazi, halafu viringisha chupa ya soda kutoka kwenye kiwiko kuja kiganjani. Mafuta ya karafuu yanapasha moto vizuri, ila usiyapake matupu, yanaunguza ngozi. Yazimue kwa ya nazi.

Usibonyeze mbele ya shingo, kuna mishipa mikubwa ya damu, wala juu ya mfupa wa mgongo. Mama mkwe naye mwambie, mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na unauma, asiuchue kabisa. Huenda ni damu iliyoganda, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe umeandika kwa mstari mmoja tu, kama vile si kitu, kwamba vidole viwili vinakufa ganzi na mkasi umekuponyoka mara mbili. Hilo si la mpira wala mafuta, shoga yangu. Nenda hospitali ya wilaya wiki hii, sare zingoje.

Siku hizi kila bobini inapoisha uzi, kabla sijajaza nyingine nasimama, nashusha mabega, naenda mpaka mlangoni na kurudi. Kiti nacho nimekiongezea mto, sijiinamishi sana tena.

Mpira nimempa mdogo wako akuletee, upo ndani ya soksi tayari. Niandikie mara tu ukishapimwa, nasubiri.

Wako,
Mwanahamisi