Dumu la asali si kilo 20

Ndugu Mhariri,

Lumbesa ya viazi na vitunguu, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo huku mkulima akilipwa kama la kawaida, imepigiwa kelele miaka mingi. Ipo na lumbesa ya asali, na hiyo haisemwi. Huku kwenye miombo ya Tabora asali nyingi huuzwa kwa dumu la lita 20, na wapo wanunuzi wanaolipa kana kwamba ndani mna kilo 20. Asali ni nzito kuliko maji: lita 1 ina karibu kilo 1.4, hivyo dumu likijaa lina kilo 28. Mrina asali aliyelipwa kilo 20 ametoa kilo 8 bure. Kwa madumu 10 ni kilo 80, na huko mjini zitauzwa kwa kilo.

Dawa yake ni mizani. Ya kuning'iniza ya kilo 50, iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, inatosha kikundi kizima. Pimeni dumu tupu, mwandike uzito wake kwa wino ubavuni, kisha mpime likiwa limejaa na mtoe uzito wa dumu tupu. Mnunuzi anayekataa mizani ameshajieleza.

Uzito peke yake hauleti bei nzuri, hilo nalikubali. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huchacha, ikatoa povu na kufurisha dumu. Kwa hiyo masega ambayo nyuki hawajayaziba yabaki mzingani, na yenye majana (watoto wa nyuki) yasikamuliwe pamoja na asali. Ndoo ifunikwe mara moja, maana asali hunyonya unyevu wa hewani.

Linaloniuma zaidi ni nta. Masega yakishakamuliwa, makapi huishia kwenye wanzuki (pombe ya asali) au hutupwa porini, wakati mizinga ya magome na ya viunzi vya juu (masanduku ambamo masega huning'inia kwenye vijiti) hutoa karibu kilo 1 ya nta kwa kila kilo 10 hadi 15 za asali. Yale madumu 10, yaani kilo 280, yanaacha nta isiyopungua kilo 18. Nta safi haiozi. Mwenye nayo anaweza kungoja bei hata mwaka mzima, jambo ambalo mwenye asali na ada ya shule mlangoni haliwezi.

Kuipata si kazi ngumu. Suuza makapi, yatie kwenye mfuko wa kitambaa, uzamishe katika sufuria ya alumini yenye maji ya mvua. Chuma na shaba huichafua rangi. Maji ya chumvichumvi huifanya iwe kama uji. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, hivyo maji yasitokote, na usiiyeyushe kamwe bila maji juu ya moto kwani hulipuka. Bana mfuko kwa miti miwili, chuja, funika, uache ipoe polepole usiku kucha. Ikipoa haraka hupasuka na uchafu hunasia ndani. Asubuhi toa mkate wa nta, kwangua uchafu wa chini. Masega meusi ya zamani yayeyushwe peke yake, yasije yakaharibu ya manjano. Bakiza kipande cha kupaka kwenye mizinga mitupu. Harufu yake huvuta makundi mapya.

Na halmashauri zinazoandika asali kwa madumu kwenye vitabu vya ushuru zianze kuandika kilo msimu huu.

Mdau wa ufugaji nyuki,
Sikonge, Tabora